Munganga asiyekuwa munganga: somo kwa wababa, wamama na vijana



Somo la leo linatoka mbali, katika inchi ya Ufaransa, karibu na mupaka wa Uswisi. Halikutendeka katika kartie zetu, na watu tutakaowataja si wa lugha yetu. Lakini tulipolisoma mara ya kwanza tuliweka kitabu chini na kutoka inje kupumua, kwa sababu ambayo tutawaambia huko mbele. Wababa na wamama, mulisome pamoja, musisome kila mutu peke yake. Vijana mulio karibu kuingia universite, ninyi pia mukae karibu.

MOTO WA USIKU

Siku ya kwanza, tarehe 11 Januari 1993, karibu saa kumi ya usiku, wafanyakazi wanaokusanya takataka waliona moto juu ya nyumba moja katika muji mudogo wa Prévessin-Moëns. Wazima-moto wakafika, wakaingia, wakamutoa baba wa nyumba angali anapumua. Muke wake na watoto wao wawili, binti wa miaka 7 na kijana wa miaka 5, walikuwa wamekufa.

Majirani walilia sana. Yule baba walimujua kuwa munganga mukubwa, mutafiti wa OMS kule Geneva, ni kusema shirika la dunia linaloangalia mambo ya afya. Jina lake Jean-Claude Romand. Watu waliomupenda walitamani asiamuke tena, ili asijue ya kama muke na watoto hawako. Ndivyo walivyomuonea huruma.

Kisha maiti zikaangaliwa vizuri. Muke hakuuawa na moto, alipigwa kichwani. Watoto hawakuuawa na moto, walipigwa risasi. Siku ileile mutu wa jamaa akafunga safari kwenda kuwapasha habari wazazi wa Romand katika muji wa Clairvaux-les-Lacs. Akawakuta wote wawili wamekufa kwa risasi, baba, mama, hata imbwa yao. Wakati huohuo watu wakauliza kule OMS: munganga wenu Romand amepatwa na msiba, munajua? Wakajibiwa: sisi hatumujui mutu wa jina lile.

Wakauliza katika daftari la wanganga wa Ufaransa. Jina hakuna. Wakauliza kwenye hospitali walizosema alifanya kazi. Hakuna. Kwa siku chache tu maisha ya miaka 18 yakaanguka kama nyumba ya majani ya mahindi.

MUTIHANI MUMOJA

Alizaliwa mwaka 1954 katika mukoa wa Jura, inchi ya misitu mingi na baridi. Baba yake alikuwa mulinzi wa misitu, mutu wa heshima ambaye neno lake lilikuwa neno. Romand alikuwa mutoto wao mumoja tu. Mama yake hakuwa na afya nzuri, alikuwa na wasiwasi mwepesi, na mutoto alijifunza mapema ya kama mama hapashwi kuletewa habari mbaya. Ukiwa na huzuni, uifiche na kucheka. Tunawaomba wazazi wasimame kidogo hapa. Nyumba ile haikuwa ya walevi wala ya watu wabaya. Ilikuwa nyumba ya wema, lakini ndani yake mutoto hakuwa na fasi ya kusema: nimeshindwa.

Akaenda Lyon kujifunza unganga. Mwaka wa kwanza akapita. Mwaka wa pili, katika 1975, siku ya mutihani wa mwisho ikafika, naye hakwenda. Alibaki kitandani. Hatujui vizuri juu ya nini, na yeye mwenyewe mbele ya tribinali hakuweza kueleza vema. Basi, siku ya matokeo wazazi wakauliza: umepita? Akajibu: nimepita.

Neno moja tu. Ndugu, angalieni udogo wake. Angeweza kurudilia mwaka ule, kama vijana wengi wanavyorudilia. Baba angekasirika juma moja, mama angelia siku mbili. Lakini baada ya kusema nimepita, alilazimika kupita tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, mpaka kupata diplome, mpaka kupata kazi, mpaka kupata cheo.

Alifanyaje? Kila mwaka alijiandikisha upya katika mwaka wa pili. Akafanya hivyo mara 12, mpaka 1986. Mara 12 universite ilipokea jina lake katika mwaka wa pili, na hakuna karani aliyeuliza: huyu mutu anazeeka hapa juu ya nini? Na asifikiri mutu ya kama alikuwa mujinga. Alikaa katika masomo pamoja na wenzake, alisoma vitabu vyote, alijua mambo ya unganga karibu sawa na wale waliopata diplome. Hata wanganga wa kweli walizungumza naye miaka mingi bila kumushuku. Kazi aliyoifanya kwa kudanganya ilikuwa nzito kuliko ile ya kupita mutihani.

SIKU ZAKE ZILIPITA NAMNA GANI

Mwaka 1980 alimuoa binti wa jamaa yake ya mbali, mwanamuke aliyejifunza kazi ya farmasi. Walizaa binti katika 1985 na kijana katika 1987. Wakahamia karibu na Geneva, kwa sababu baba, walivyosema, alikuwa amepata kazi OMS.

Kila asubuhi alivaa vizuri, akawapeleka watoto masomoni, akaingia katika motokari yake na kwenda. Kwenda wapi? Pengine alifika kweli OMS, kwa maana wakati ule wageni waliruhusiwa kuingia chini. Akaketi katika bibliotheki, akakusanya makaratasi yanayogawiwa bure yenye alama ya OMS, akapita poste na banki za mule ndani. Yale makaratasi aliyaacha nyumbani na ndani ya motokari, watu wakayaona. Siku nyingine alisimamisha motokari kwenye parkingi ya njia kubwa, akasoma magazeti tangu asubuhi mpaka magaribi. Siku nyingine alitembea peke yake katika misitu ya Jura, ileile ambayo baba yake alikuwa akiilinda.

Aliposema anakwenda mukutano katika inchi ya mbali, alikodi chumba katika oteli karibu na uwanja wa ndege wa Geneva. Akabaki mule siku tatu ine, akiangalia televizio na kusoma vitabu vya wasafiri ili ajue hali ya ile inchi. Alipiga telefone nyumbani kila siku kueleza saa ngapi ni kule. Kisha akanunua zawadi palepale uwanjani na kurudi nyumbani akiwa amechoka na safari. Watoto walipokea zawadi kwa furaha.

Swali: Muke wake hakupiga hata mara moja telefone kazini kwa mume wake?

Jibu: Hapana, hakupiga. Romand alikuwa amepanga njia nyingine. Alikuwa na chombo kidogo mufukoni kinacholia. Muke akiacha habari, yeye anaona na kurudisha telefone upesi. Alirudisha kila mara. Kwa hiyo muke hakuona pengo. Na mume alisema ya kama hapendi kuchanganya kazi na nyumba. Wamama, ni wangapi kati yenu munaoijua biro ya mume wenu, jina la mukubwa wake, siku ya mushahara? Hatuulizi ili kuleta vita. Tunauliza tu.

UTAMU WAKE

Tunaposikia habari ya mudanganyifu tunamufikiria mutu wa maneno mengi, mwenye viatu vya kung'aa na pete tatu. Romand hakuwa hivyo. Alikuwa mutu mupole, wa sauti ndogo. Hakujisifu. Watu walisema: tazama, yuko na cheo kikubwa hivi, lakini haringi. Wakimuuliza habari ya kazi alijibu kwa neno moja na kugeuza mazungumzo, wakasema ni unyenyekevu. Alisikiliza matatizo ya wengine. Alikumbuka siku za kuzaliwa. Tangu ujana aliwaambia watu wachache ya kama ana kanseri, na kila walipotaka kumuuliza sana, waliona huruma wakanyamaza.

Angalieni vema, maana hapa ndipo tunapokosea hata sisi mashemasi tunapowachunguza watu. Tunaogopa mwenye kelele. Mupole tunamupa funguo.

FEZA

Mutu asiye na kazi anakula nini kwa miaka hii yote, tena anaishi kama munganga mukubwa? Jibu ni: alikula jamaa yake.

Kwanza wazazi. Walimupa ruhusa ya kugusa akiba yao kwenye banki, naye akachota kama mutoto anayechota kisimani mwa baba yake. Kisha wakwe. Aliwaambia ya kama mutu wa OMS anaweza kuweka feza katika banki za Uswisi na kupata faida kubwa kuliko watu wengine. Baba mukwe akamukabizi feza alizopewa alipoacha kazi kwa uzee. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ungemuandikisha namna gani mume wa binti yako, tena munganga?

Hapa tuna la kusema. Wazee wa inchi yetu wanakumbuka mwaka 1991 kule Kinshasa, michezo ya Bindo na mingine ya namna ile. Watu waliuza friji na vitanda ili wapeleke feza zizaliwe upya kwa siku chache, kisha siku moja milango ikafungwa. Sisi tulidanganywa na kampani tusiyoijua, tena katika umati. Wale wa Jura walidanganywa mezani, na mutu aliyewakatia nyama. Lakini kamba ya mutego ni moja: faida isiyoelezwa inatoka wapi.

Mukubwa mumoja wa jamaa ya muke alikuwa mugonjwa wa kanseri. Romand akamuuzia vidonge, akisema ni dawa mupya ambayo bado inatafutwa na wataalamu wa Geneva, haijafika sokoni. Bei yake ilikuwa kali. Mugonjwa alilipa, akameza, akafa. Jambo hili tunaliona kuwa baya karibu sawa na bunduki. Mutu anayekufa amekushika mukono, nawe unahesabu feza zake.

Mwaka 1988 baba mukwe akataka sehemu ya feza zake, anunue motokari. Nyuma ya hapo, mwaka uleule, alianguka katika ngazi ya nyumba yake, akafa. Mutu mumoja tu alikuwa naye nyumbani siku ile: mukwe wake. Romand alikataa siku zote ya kama hakumusukuma, na tribinali haikuwa na ushuhuda, kwa hiyo nasi hatutasema zaidi ya hapo. Tunasema tu yaliyofuata: mama mukwe, mujane, akauza nyumba ile na kumukabizi Romand feza zake vilevile.

Mwishowe kulikuwa na mwanamuke mumoja wa Paris ambaye Romand alimupenda inje ya ndoa. Huyu alimukabizi faranga za Ufaransa 900.000 amuwekee Uswisi. Lakini hakuwa mutu wa jamaa, hakumuonea haya. Mwisho wa 1992 akadai feza zake, zote, na siku akaitaja. Feza hazikuwepo. Zilikwisha kuliwa kwa oteli, kwa zawadi, kwa nyumba, kwa motokari.

MILANGO ILIYOKUWA WAZI

Katika miezi ile kulitokea ugomvi mudogo kwenye masomo ya watoto, juu ya mukubwa wa masomo aliyeondolewa. Romand alikuwa katika komite ya wazazi. Alikubali pamoja na wengine, kisha akaanza kumutetea yule aliyeondolewa kana kwamba hakukubali. Watu wakashangaa: mupole huyu amepatwa na nini? Muke wake mwenyewe akagundua ya kama mume amemudanganya katika jambo lile dogo. Wengine wakamutafuta OMS kwa telefone, jina lisionekane katika daftari. Wakadhani labda watu wakubwa hawaandikwi.

Ndipo tunapowaambia jambo letu tulilowaahidia.

Miaka mingi iliyopita, kampani moja tuliyoitumikia ilitufukuza kazi pamoja na wengine wengi, bila kutupa haki yetu. Jioni ile tulirudi nyumbani, tukakuta mama watoto ametengeneza bukari na samaki, watoto wanacheka, na hatukusema neno. Tulijiambia: kesho. Asubuhi tukavaa nguo za kazi, tukachukua sakoshi, tukatoka. Tulizunguka soko mpaka saa ya kurudi. Kesho yake vivyo hivyo. Tulifanya juma sita. Tulikopa feza kwa rafiki ili tulete mushahara wa mwisho wa mwezi, tukauweka mezani, na mama akashukuru. Ndugu, uchungu wa shukrani ile hatuwezi kuuandika.

Siku moja alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa anaosha sahani: Baba, viatu vyako siku hizi vina vumbi nyekundu ya soko, havina mafuta ya mashini. Tukaketi chini. Tukasema yote. Alilia, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akatoka na beseni ya maandazi kwenda kuuza. Deni lile tulilimaliza kwa mwaka na nusu.

Hatujifananishi na muuaji. Lakini tuliposoma habari ya yule mutu amekaa ndani ya motokari kwenye parkingi, na gazeti juu ya magoti, akingoja saa ya kurudi nyumbani, hatukuhitaji mutu atueleze. Tulijua namna saa ya mukono inavyokwenda polepole. Tulijua namna mutu anavyoanza kuwachukia kidogo wale anaowadanganya, kwa sababu wanaamini. Sisi juma sita. Yeye miaka 18, na hakuna aliyetazama viatu vyake.

SIKU YA POSHO, TAREHE 9 JANUARI 1993

Haya tutayasema kwa kifupi, kwa sababu watoto wanasikia.

Alikuwa amenunua risasi na chombo cha kupunguza sauti ya bunduki, na petroli katika madumu. Kwa hiyo tusidanganywe na neno la hasira ya gafula. Muke alimuua kitandani kwa muti wa kusukumia unga. Watoto walipoamuka asubuhi, aliwapa chakula, akaketi nao kuangalia televizio. Kisha akawaita juu mumoja mumoja. Nyuma ya hapo akaingia katika motokari, akaenda kwa wazazi wake, akala nao chakula cha muchana, akawaua.

Magaribi alikuwa Paris. Yule mwanamuke aliyedai feza alimuchukua katika motokari yake, akisema wamealikwa kula kwa mutu mukubwa upande wa Fontainebleau. Katika musitu akataka kumuua naye. Mwanamuke akapigana, akamusihi, akamukumbusha watoto wake. Romand akaacha, akaomba musamaha, akasema ni ugonjwa wake, akamurudisha nyumbani. Yule mama alipona, na tunafikiri alipona kwa sababu yeye peke yake kati ya wote alikuwa amekwisha kumuuliza Romand maswali.

Siku ya Mungu nzima Romand alikaa ndani ya nyumba yake pamoja na maiti. Usiku akamwanga petroli, akawasha moto, akameza vidonge vya zamani ambavyo nguvu yao ilikwisha kupungua. Moto ulianza juu, fasi ambayo watu wa inje wanauona upesi. Wengi walijiuliza kama kweli alitaka kufa.

JUU YA NINI ALIWAUA?

Swali hili linaulizwa kila mara somo hili linaposomwa. Mutu akisema: alikuwa na deni. Ndiyo, lakini wenye deni ni wengi, wanakimbia usiku, wanakwenda migodini, hawaui watoto.

Wanganga wa akili walimuangalia. Hawakumuona kuwa mwenda wazimu. Walisema anaweza kujibu mbele ya sheria. Yeye mwenyewe alieleza ya kama hangevumilia macho yao siku watakapojua. Tusikilize vizuri maneno hayo. Hakusema watoto wataumia. Alisema macho yao yatamuangalia. Jamaa yake walikuwa kioo chake. Kioo kilipokaribia kumuonyesha sura yake ya kweli, akakivunja.

Kuna jambo lingine. Mwandishi mumoja wa Ufaransa, Emmanuel Carrère, aliandika kitabu juu ya mambo haya katika mwaka 2000, akakiita L'Adversaire, ni kusema Mushindani, jina ambalo katika Maandiko ni la Shetani. Sisi hatubishi juu ya jina lile. Lakini tunaogopa namna watu wa kwetu watakavyolipokea. Msiba wa namna hii ungetokea katika kartie yetu, jua halingetua mbele ya kutafuta mulozi. Wangemushika bibi muzee wa nyumba ya pili, ao mutoto yatima mwenye macho mekundu, wangemufukuza ao kumuchoma. Na Romand angekaa kitini mbele ya kilio, watu wanamushika mabega na kumutolea matanga. Katika jamaa ile hakukuwa mulozi. Kulikuwa mutihani ambao mutu hakwenda, na watu wema ambao hawakuuliza.

TRIBINALI NA TOBA

Mwanzo alikataa. Alisema mutu mwingine aliyevaa nguo nyeusi aliingia nyumbani. Kisha, alipoona mambo yote yamejulikana, akakubali. Kesi yake ilisikilizwa katika muji wa Bourg-en-Bresse, na tarehe 2 Julai 1996 akahukumiwa kifungo cha maisha, asiombe kutoka mbele ya miaka 22.

Gerezani akawa mutu wa sala. Wakristo waliokwenda kuwatembelea wafungwa walimupenda, wakasema wamekutana na mutu aliyegeuka. Wengine walisema: angalieni, amebadilisha vazi tu. Jana alikuwa mutafiti mukubwa, leo ni mwenye zambi mukubwa aliyeokolewa, na watu wanakaa tena mbele yake wanashangaa. Upole ni uleule, sauti ndogo ni ileile.

Sisi tuko upande gani? Tumejadiliana jambo hili na mashemasi wenzetu usiku mumoja mpaka taa ikaisha mafuta, na hatukupatana. Wazee wawili walisema hakuna zambi isiyo na mulango wa toba, na hatuwezi kuufunga mulango tusioujenga. Mama mumoja, shemasi, akajibu: kweli, lakini toba ya mwizi inaonekana kwa mbuzi aliyemurudisha. Huyu atarudisha nini? Kwa upande wetu tunasema hivi tu: mutu aliyedanganya kwa upole miaka 18, upole wake hauwezi tena kuwa ushuhuda wake. Atafute ushuhuda mwingine, hata kama ni kukaa kimya fasi ambayo hakuna mutu wa kumuangalia.

Mwaka 2019 tribinali ya juu ya Bourges ilikubali atoke kwa masharti. Jamaa ya muke wake hawakukubali, walisema wazi, lakini sheria ilikwenda njia yake. Tarehe 28 Juni 2019 alitoka katika gereza la Saint-Maur akiwa na miaka 65, akapelekwa kwenye nyumba ya watawa ya Fontgombault, na chombo cha polisi kimefungwa mguuni ili wajue kila saa yuko wapi. Yeye ambaye muke wake hakujua kwa miaka yote ile yuko wapi saa ya muchana.

Somo hili litasomwa tena siku ya tatu jioni, katika mukutano wa wamama. Wamama wenyewe wameomba waume wao wawe pale, na waje na viatu vya kazi.